Namba Nane Juu ya Kioo

Asubuhi linavuta.
Saa tatu bado linavuta, tela limejaa nyasi.
Saa sita, jua likisimama wima juu ya Barka,
trekta dogo la Bi Thuwaiba linaanza kuguna:
injini inanguruma vilevile, magurudumu hayana habari,
na kwenye kiinuko cha ukingo wa wadi
linarudi nyuma polepole
kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Liuze chuma chakavu," kasema mwanawe, Muadh,
simu mkononi, bei ya jipya keshaijua.
Bi Thuwaiba akanigeukia mimi.
Kiswahili chake cha Wete, changu cha Pangani,
tunakutana katikati, kwenye matusi.
"Nawe wasemaje, fundi?"
Nikasema halijafa, limechoka kwa joto.
Kwa mbali hutaona tofauti.

Hili halina gia za kukwaruza, halina klachi.
Kuna pampu, kuna mota, na kati yao mafuta tu.
Pistoni tano, kila moja na zamu yake,
kama maji ya falaji: dakika zako zikiisha, mpishe mwenzio.
Sahani ikiinama huku, linakwenda;
ikiinama kule, linarudi;
ikikaa sawa, linatulia.
Hayo nilijifunza kwa kuharibu mawili ya watu.

Tukalifungua kivulini, mimi na Rafiqul.
Feni imekatika panga mbili.
Mapezi ya kupozea yamezibwa na nyasi kavu, grisi na vumbi,
mkate mzima; ungeweza kuupandia mbegu.
Kwetu wanasema mdharau mwiba mguu huota tende.
Huku tende zinaota juu na kila mtu anazifurahia,
na mwiba ni vumbi. Linachoma usione.

Mafuta yakatoka meusi,
mepesi kama chai ya mgonjwa,
na Rafiqul alipomulika tochi, yakametameta.
"Dhahabu, baba!"
Si dhahabu. Ni chuma kinajila.

Uso wa pampu, ule unaosuguana na mwenziwe siku nzima,
una mikwaruzo. Nikapitisha ukucha.
Ukucha ukinasa, tupa.
Wangu ulisita, ukapita.

Nikaenda kung'oa rafu ya kioo kwenye friji ya gereji.
Juu yake msasa laini kuliko wote, mafuta matone mawili,
uso wa pampu chini, nikaanza kuandika nane.
Nane. Nane. Nane.
Usikandamize. Kila baada ya kumi, geuza robo.
Muadh akaja kuchungulia: kwa nini nane, si duara?
Duara hula upande mmoja, nikamwambia.
Nikampisha.
Nane yake ya kwanza ilikuwa nzito, kama mtu anayesaini deni.
Ya thelathini sikuisikia.
Adhana ya alasiri ikamkuta bado anaandika,
simu imelala kwenye ndoo ya nati.

Sili mpya, chujio jipya, mafuta mazito ya nchi ya joto.
Magurudumu ya nyuma juu ya jeki:
mbele, nyuma, mbele, nyuma, taratibu,
hadi hewa itoke,
ikilalama kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Tukalishusha.
Likatambaa lenyewe, mguu wangu u mbali na kanyagio!
Kumbe na bushi ya mkono wa sahani imelika.
Saa mbili usiku bado niko chini yake,
jasho linaingia machoni, Rafiqul anasinzia na tochi.

Kesho yake, saa sita na nusu, digrii arobaini na sita,
tela limejaa, likaukabili ukingo wa wadi.
Si kwa mbio. Likapanda.

Bi Thuwaiba hakusema kitu.
Aliingia ndani, akatoka na brashi ya kufulia,
akamkabidhi Muadh:
"Kila Alhamisi, yale mapezi. Injini ikiwa imepoa."

Kioo kimerudi kwenye friji.
Laban imesimama juu yake, wima.